Mkorogo Wenye Majina

Watu wakishajua kwamba ninatengeneza losheni yangu mwenyewe nyumbani huniuliza maswali mawili, na karibu kila mara kwa mfuatano uleule. La kwanza: "Haina kemikali, eti?" La pili, kwa sauti ya chini kidogo: "Inang'arisha?"

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, kwa hiyo swali la kwanza huniweka pabaya. Losheni yangu ni kemikali tupu. Maji ni kemikali. Mafuta ya nazi aliyokuwa akitupaka bibi tukitoka kuoga ni mchanganyiko wa kemikali, na karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni ya aina moja, iitwayo asidi ya lauriki. Nikijibu hivyo naonekana ninabisha. Nikijibu "haina" ninakuwa nimesema uongo kuhusu somo linalonilisha. Swali la pili lina jibu fupi zaidi, hapana, ila kila nikilitoa naona uso wa aliyeuliza ukipoa, na namkumbuka mama yangu mdogo.

Neno mkorogo lenyewe halina kosa. Tunakoroga uji, tunakoroga chai, mafundi wanakoroga zege. Lakini mjini ukisema fulani anapaka mkorogo, hakuna atakayefikiria uji. Ni krimu tatu au nne zilizominywa kwenye kopo moja, pengine na tyubu ya dawa ya ngozi iliyonunuliwa bila cheti cha daktari, zikakorogwa kwa kijiko hadi rangi ikawa moja. Muuzaji hupima kwa macho. Kopo halina lebo. Mnunuzi anachojua ni bei, na kwamba jirani yake aliyetumia "ametakata".

Vinavyofanya kazi ndani ya kopo hilo mara nyingi hutoka katika koo tatu. Ukoo wa kwanza ni haidrokwinoni. Ngozi yetu hupata weusi wake kutokana na melanini, na melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kinachoitwa tairosinesi. Haidrokwinoni hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Ukiitumia muda mrefu, tena chini ya jua letu, inaweza kukulipa kinyume: madoa ya rangi ya bluu iliyokolea au nyeusi mashavuni, ambayo ni magumu mno kuondoka. Afrika Kusini, ambako madaktari waliyaona madoa hayo kwa wingi, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Ukoo wa pili ni zebaki. Nayo huzuia utengenezaji wa melanini, lakini haiishii kwenye ngozi. Hupenya hadi damuni na kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Ukoo wa tatu ni steroidi kali kama klobetasoli. Hizi ni dawa halali, zenye kazi yake katika magonjwa ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari. Zikipakwa uso mzima miaka nenda miaka rudi, huifanya ngozi iwe nyembamba kama ganda la kitunguu.

Mama mdogo ni mama lishe. Alipaka mkorogo kwa miaka tisa. Ukimwangalia kwa haraka ungesema ni mwanamke mweupe. Ukimwangalia mikono ungeona vifundo vya vidole vimebaki na rangi yake ya kuzaliwa, kana kwamba vimekataa kushiriki. Siku moja akiwa anakata kabichi kisu kilimteleza kikampasua karibu na kidole gumba. Jeraha halikuwa kubwa. Lakini pale hospitali, muuguzi alipojaribu kulishona, uzi ulikuwa ukiichana ngozi. Walijaribu mara mbili, kisha wakalifunga kwa plasta maalumu na kumpeleka kwa daktari wa ngozi.

Nilikuwa nimekaa naye alipoulizwa, "Mama, ulikuwa unapaka nini?"

"Krimu."

"Krimu gani?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Ya kopo la bluu."

Daktari hakumgombeza. Aliuliza tena kwa upole, kama ilikuwa na steroidi, kama ilikuwa na harufu ya dawa, kama alinunua dukani au kwa mtu. Mama mdogo alijua bei yake kwa miaka yote tisa, ilivyopanda kidogo kidogo. Alijua siku ambayo muuzaji huleta mzigo mpya. Kitu alichokuwa akikiweka mwilini mara mbili kwa siku hakuwa na jina lake hata moja. Kwenye daladala aliniambia kwamba hilo lilimwuma kuliko mkono.

Daktari alimpangia kuachana na steroidi hatua kwa hatua, akamwonya kwamba ngozi italalamika: itawaka, itawasha, itakauka. Alihitaji kitu cha kupaka kisicho na chochote cha ziada. Losheni mbili za dukani zenye manukato zilimchoma hadi akatoka machozi. Tulipouliza kama ninaweza kumtengenezea mimi, daktari alikubali kwa masharti mawili: isiwe na harufu yoyote, na niandike kila kilichomo, kwa kiasi chake, nimpelekee aone kwanza.

Nina mizani ndogo ya kidijitali, inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Niliinunua Kariakoo kwa ajili ya maonyesho ya darasani. Hiyo, pamoja na kipimajoto, sufuria mbili na mashine ndogo ya mkono ya kusagia juisi, ndiyo maabara yangu yote.

Losheni ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kuishi nyumba moja. Ukivitia kwenye chupa ukatikisa, vitachanganyika kwa dakika chache kisha mafuta yatapanda juu, kwa sababu molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyasukuma mafuta kando. Panahitajika mshenga. Mshenga huyo ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Husimama mpakani, mkia ndani ya tone la mafuta, kichwa nje kwenye maji, na kuyazuia matone yasikutane na kuungana. Tofauti yake na mshenga wa harusini ni kwamba huyu haondoki baada ya ndoa. Akiondoka, nyumba inavunjika.

Wengi hudhani nta ya nyuki inaifanya kazi hiyo. Nta nzuri ya Tabora naipenda, ila peke yake ni mshenga dhaifu. Galeni, tabibu wa Pergamo wa karne ya 2, ndiye anayetajwa kwa krimu ya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi, na krimu za namna hiyo zilikuwa zikiachia maji yake polepole. Ndiyo maana zilipoza ngozi, na ndiyo maana hazikudumu. Mimi hutumia nta ya kuunganishia, ambayo huuzwa ikiwa chembechembe nyeupe, na wanaouza malighafi za sabuni na vipodozi wanaijua. Waliozoea kununua slesi ya sabuni ya maji watakuwa wamepita mbele yake mara nyingi.

Kwa gramu 200 za losheni, hesabu yangu ni hii: maji yaliyotoneshwa gramu 146, glisirini 10, mafuta ya alizeti 24, mafuta ya nazi 8, nta ya kuunganishia 10, kihifadhi 2. Kila kitu ni kwa gramu, hata maji. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi hapa Dar, ambako mara nyingi ni kimiminika, si sawa na kijiko kimoja Njombe mwezi wa saba, ambako yameganda mtungini. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 hivi za sentigredi, kwa hiyo kijiko husema jambo moja pwani na jingine nyanda za juu. Gramu hazibadiliki.

Maji na glisirini hukaa sufuria moja, mafuta na nta nyingine, zote mbili juu ya maji ya moto hadi zifike nyuzi 70 au 75. Joto lazima lilingane. Ukimimina mafuta ya moto kwenye maji ya baridi, nta itaganda kabla haijafika mpakani. Kisha unamimina, unasaga kwa mashine dakika mbili, unapumzika, unasaga tena. Vimiminika viwili, kimoja hakina rangi na kingine cha manjano kidogo, vinageuka ghafla kuwa vyeupe kama maziwa.

Wanafunzi wangu hupenda sana sehemu hiyo, na huwa nawauliza: weupe huo umetoka wapi? Hakuna kitu cheupe kilichotiwa. Jibu ni kwamba mafuta yamepasuka kuwa matone madogo mno, na kila tone linaitawanya nuru kila upande. Weupe wa losheni ni mchezo wa mwanga. Ukiipaka mkononi ukaisugua, matone yanalala, maji yanapungua kwa kuvukizwa, na weupe unatoweka. Inabaki ngozi, kwa rangi yake.

Ikipoa chini ya nyuzi 40 ndipo naweka kihifadhi, na hapa ndipo mabishano huanza. Mimi hutumia kile chenye fenoksiethanoli, asilimia moja ya uzito wote, nisizidi. Rafiki zangu wanaopenda vitu vya asili huninunia. Mmoja aliniambia yeye hutia vitamini E na losheni yake "haiharibiki". Vitamini E ina kazi nzuri: huchelewesha mafuta kuchacha, yaani kushambuliwa na oksijeni hadi yanuke kama chipsi za juzi. Lakini bakteria hawaiogopi. Oksijeni na bakteria ni maadui wawili tofauti, na mlinzi wa mmoja si mlinzi wa mwingine.

Kidato cha Tatu tulilifanya jaribio. Chupa mbili za losheni ileile, moja ina kihifadhi na nyingine haina, zikakaa dirishani mwa darasa. Tulizifungua kila siku na kuzigusa kwa kidole, kama watu wafanyavyo nyumbani. Kabla ya wiki tatu kwisha, ile isiyo na kihifadhi ilikuwa na vidoa vya kijivu na kijani ukingoni. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, tungekuwa tunaipaka tangu juzi." Alikuwa ameshika jambo kubwa: ukungu unaoonekana ni taarifa iliyochelewa. Bakteria hufika mapema na hawana rangi. Kwa mtu mwenye ngozi nzima huenda pasitokee kitu. Kwa ngozi nyembamba yenye nyufa, kama ya mama mdogo, hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Bibi zetu hawakuwa na fenoksiethanoli, na hoja hiyo huletwa kwangu kama karata ya mwisho. Lakini waangalie walivyofanya. Mafuta ya nazi, ya nyonyo au samli hayana maji ndani yake, na pasipo maji bakteria hawazaliani. Liwa nayo ilisagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi siku ileile ya kupakwa, na singo ya bibi harusi ilichanganywa kwa ajili ya siku zake, ikaisha. Hakuna aliyeiweka kwenye chupa miezi mitatu. Walikuwa na kanuni mbili zilizotosha: weka kikavu, au tumia leo. Sisi tunataka kitu chenye maji asilimia 73 kikae bafuni hadi Idi ijayo, halafu tunataka kanuni zao zitulinde. Tukitaka chupa, lazima tuchukue na gharama ya chupa.

Neno "asilia" limenichosha kwa sababu nyingine pia. Zebaki ni ya asili. Hutoka ardhini, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Chunya wanaijua kwa mikono yao. Ndimu ni ya asili, na kila mwezi naona mtu akishauri ipakwe usoni. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya kama 4.5 hadi 5.5. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Kwa macho ni tofauti ya tarakimu tatu tu, lakini kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 hadi 2 ni uchachu mara elfu moja. Zaidi ya hapo, ndimu ina viini ambavyo vikikutana na jua juu ya ngozi huiunguza hadi malengelenge, kisha huacha weusi wa wiki au miezi. Mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba ni ya asili, na sehemu yake kubwa ni yujenoli, kitu kilekile kinachotia ganzi jino. Katika losheni ya mwenye ngozi nzima huwa sivuki nusu asilimia. Katika ya mama mdogo sikutia hata tone.

Kwa hiyo sitofautishi tena vitu kwa asili yake. Ninavitofautisha kwa maswali matatu: ni nini, ni kiasi gani, na kwa ngozi ya nani. Mkorogo wa kopo la bluu hauna jibu la swali hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana sheria peke yake hupata shida kuufikia. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na haidrokwinoni na zebaki ni marufuku katika vipodozi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ulioharibiwa na sumu hiyo, uliweka kikomo cha sehemu moja kwa milioni katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2025. Haya ni mambo makubwa na ninayashukuru. Lakini mkaguzi husoma lebo, na kopo lililokorogwa uani halina cha kusomwa.

Nilimpelekea daktari karatasi yangu. Aliisoma mstari kwa mstari, akaniuliza kuhusu kihifadhi, akakubali. Usiku ule mama mdogo alikaa jikoni kwangu nikitengeneza. Alishika kipimajoto yeye, akawa ananisomea nyuzi. Nilipomaliza alichovya kidole, akajipaka nyuma ya mkono, akangoja kuchomwa. Hakuchomwa.

"Mwanangu," akasema, "hii itanirudisha nilivyokuwa?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Wauzaji wote wa vipodozi duniani wamejengwa juu ya hiyo ndiyo. Nikamwambia kinachofanyika kweli. Glisirini hushika maji kwenye tabaka la juu la ngozi. Mafuta hujaza mianya kati ya seli zilizokauka na kupunguza maji yanayotoka. Asidi ya linoleiki ya alizeti ni miongoni mwa vitu ambavyo ngozi yenyewe hutumia kujenga ukuta wake. Basi. Haitajaza ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba. Haitaondoa madoa. Hayo ni kazi ya daktari na ya muda, na mengine huenda yasirudi. Itakachofanya ni kupunguza kuwashwa na kukauka wakati mwili unafanya kazi yake.

Alinyamaza kidogo. "Basi niandikie," akasema. "Kila kitu. Kwa Kiswahili."

Nikaandika kwenye karatasi ya gundi: maji, mafuta ya alizeti, glisirini, nta ya kuunganishia, mafuta ya nazi, kihifadhi. Kutoka kilicho kingi hadi kilicho kidogo, kama lebo halali zinavyopanga. Nikaongeza tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuitupa, miezi mitatu mbele.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa migumu. Uso ulivimba, ukawa mwekundu, kuna siku hakwenda kwenye biashara yake kwa sababu wateja walikuwa wakimtazama. Wawili walimwambia arudie alichokuwa anatumia, kwamba alikuwa akipendeza. Mkono ulipona polepole, ukaacha kovu pana. Rangi yake imerudi kwa vipande, si sawasawa, na shavu la kushoto bado lina doa ambalo daktari hajaahidi chochote juu yake.

Losheni siuzi. Kuuza kuna taratibu zake, usajili na vipimo, na ni vizuri kwamba zipo. Hutengeneza chupa chache kwa ajili ya nyumbani, na jirani akitaka kujifunza namkaribisha jikoni aje na mizani yake. Wakiuliza kama ina kemikali, nawaambia ziko sita, nawatajia zote. Wakiuliza kama inang'arisha, nawaambia hapana, inalainisha.

Wiki iliyopita mama mdogo alikwenda kliniki peke yake. Daktari alikuwa mgeni, kijana, hakumjua. Akamwuliza anapaka nini. Aliponisimulia kwenye simu alikuwa bado kituoni, nilisikia makonda wakiita abiria nyuma yake. Alisema hakufungua hata mkoba kutoa chupa. Alimtajia vyote kwa kichwa, akianza na maji, na yule kijana akawa anaandika.